Mzinga Uliojaa Kalamu za Jani

Ukipewa kalamu ya wino uijaribu, usiandike jina lako. Kila mtu huandika jina lake, na ndiyo maana kila mtu hudanganywa. Mkono umeliandika jina hilo tangu utotoni, na hata kalamu mbovu utaiburuta mpaka herufi ya mwisho bila kugundua kitu. Andika namba nane, uilaze ubavu, uizungushe na kuizungusha bila kuinua mkono. Nane iliyolala inapanda, inashuka, inakwenda kulia na kurudi kushoto. Kalamu yenye kasoro itakwama mahali fulani kwenye mzunguko huo, na hapo ilipokwama ndipo penye ugonjwa.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua wajukuu zangu huachia njiani maandishi marefu, na ningependa waondoke na kitu. Mliobaki, sogeeni. Nataka kuwasimulia kazi iliyonilisha, ya kutengeneza kalamu za wino, pamoja na wazimu ulionipata ndani ya kazi hiyo: kukusanya kalamu ya aina moja, ile ile, tena na tena, mpaka mke wangu akawa anawaambia wageni kwamba ni maradhi ya ukoo wetu.

Kalamu yenyewe tuliiita Jani. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu, limechongwa kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyejisumbua kuzisoma. Mwili wake ulikuwa wa kijani kilichokolea, kifuniko cha rangi ya fedha, na kibanio cha mfukoni kilikuwa na umbo la jani. Waliokitengeneza huko kwao huenda walifikiria jani lingine kabisa. Lakini kwetu, kuanzia Kisii mpaka Nyamira, jani ni la chai, na watu waliamini kwamba kiwanda kile cha mbali kilitukumbuka sisi. Mwalimu akiajiriwa, alinunua Jani. Muuguzi, Jani. Karani, Jani. Ukiona mtu kanisani jani la fedha linameta kifuani pake, ulijua ana mshahara, na mama zenu walijua hivyo pia.

Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Karo ilikuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba barabara ya Keroka ilikuwa inatiwa lami, nami nikataka kujua lami inatoka wapi. Niliifuata. Nilipopata jibu nilikuwa tayari utingo wa lori, na mwalimu alikuwa ameshanifuta. Baada ya hapo nilibeba mawe kwa wachongaji wa Tabaka, nikachuma chai Itumbe, nikauza ndizi Suneka, na kila mahali niliondoka kwa sababu moja, ambayo ni maswali. Utingo anayemuuliza dereva kwa nini breki zinalia, na lori liko katikati ya mteremko, hapendwi.

Kazi ya kalamu niliipata nikiulizia njia. Mjini Kisii, karibu na msikiti, palikuwa na duka la vifaa vya kuandikia la mama mmoja aliyeitwa Bi Rukia. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, bibi yake alikuwa Mgusii. Kiswahili alikirithi kwa babu, ukali kwa bibi. Niliingia kuuliza stendi iko wapi. Nikamkuta ameshika kalamu ndani ya chupa ya wino, akaibonyeza ubavuni, akaiinua, na wino ukawa umeingia ndani bila kumiminwa. Nikasahau stendi.

"Umeingiaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Wino."

Akanitazama juu ya miwani. "Umekuja kununua au umekuja kushangaa?"

"Kushangaa."

Akanisukumia kigoda kwa mguu. "Basi kaa. Wanunuzi ninao."

Nikakaa, na mimi nisiyekaa mahali nilikaa pale mpaka nikaota mvi.

Mambo aliyonifundisha yanaingia kwenye kiganja. Kalamu huoshwa kwa maji baridi, kamwe si ya moto, maana maji ya moto hukunja mwili wake kama ndizi. Nibu, ile ncha ya chuma inayoandika, hukaa juu ya kijiti cheusi chenye mifereji kinacholeta wino. Hicho tulikiita ulimi. Nibu na ulimi huvutwa pamoja, moja kwa moja, kama unavyong'oa karoti. Ukizungusha, umevunja ulimi, na kalamu iliyovunjika ulimi ni bubu milele. Ndani ya mwili mna kifuko cha mpira kinachobeba wino. Mpira ukizeeka hugeuka jiwe, unaubadilisha, na ule mpya unaupaka unga laini ili usigandamane na kuta.

Bi Rukia alitumia poda ya watoto, ile ya manukato. Kalamu zote za mji wa Kisii wakati ule zilinukia kama kichanga aliyetoka kuogeshwa. Shida ni kwamba mipira ilikuwa inakatika mapema, na mimi kwa udadisi wangu nikaanza kuyashuku manukato. Nikakumbuka vumbi la mawe ya Tabaka, yale mawe laini ya kuchongwa, ambalo lilikuwa likiteleza mikononi kama mafuta. Nikaenda nikaleta mfuko mzima bure, wachongaji wakicheka kwamba nimekuja kuwafagilia. Tulipaka, tukasubiri misimu kadhaa, mipira ikadumu. Bi Rukia hakuwa mtu wa kusifu. Alisema, "Mawe ya kwenu yana akili," akaendelea na kazi. Alikuwa ameyasifu mawe, lakini mimi nilitembea mjini siku ile kama niliyechaguliwa udiwani.

Kiburi hicho ndicho kilichonipeleka kwenye wino wa chai. Nyinyi mliokulia Itumbe mnajua chai ya rangi ikichemshwa mno inavyochafua kikombe. Nilisikia kwamba ukitia misumari yenye kutu ndani yake inageuka nyeusi, nikajaribu, na kweli, ikawa nyeusi tititi. Nilikaribia kulia kwa furaha. Lakini haikung'aa. Sasa mtu wa kwetu akiwa na sufuria ya chai iliyopungukiwa na kitu, mkono wake unakwenda wapi? Nilitia sukari. Ikang'aa kama kiatu cha askari.

Nikamjazia mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akimwandikia barua binti fulani wa Suneka. Baada ya muda akarudi dukani, uso umemshuka.

"Amekataa?" nikamuuliza.

"Hajakataa. Anasema barua imeliwa na sisimizi kabla hajafika penye jina langu. Anauliza ni nani aliyemwandikia."

Bi Rukia aliweka chini alichokuwa ameshika. Alinusa kalamu, akalamba wino kwa ncha ya kidole, akafikiri.

"Ungetia na maziwa," akaniambia.

Binti yule, kama mnataka kujua, alimjibu mwalimu huyo barua ya pili, wakaoana. Sisimizi walisaidia. Kalamu ndiyo haikupona, kutu iliila nibu yote.

Sasa wazimu wangu. Ulianza pale kalamu za kutupa zilipoingia, za bei ya andazi, na watu wakaanza kuziacha kalamu za Jani dukani. Walizileta kutengenezwa, hawakurudi kuzichukua. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mteja, nikachukua mbili zilizofanana kama mapacha, moja ya mkunga na nyingine ya karani wa mahakama, nikaandika nane kwa kila moja. Nane ya kwanza ikatoka nyembamba, ya pili nene upande mmoja. Nikadhani ni wino. Nikabadilisha wino. Nikadhani ni karatasi. Nikabadilisha karatasi. Nikaweka jicho kwenye kioo cha kukuzia, na hapo ndipo niliposimama nikakipiga kigoda teke. Nibu zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Lakini mkunga yule alikuwa akiandika amesimama, daftari ameliegemeza kwenye mkono, na kwa miaka yote hiyo karatasi ilikuwa imeilainisha nibu yake kwa pembe ya mtu aliyesimama. Karani alikuwa amekaa, tena amelalia kiwiko. Chuma kilikuwa kimelika kwa umbo la tabia zao.

Mnaelewa kwa nini nisingeweza kukusanya kalamu mchanganyiko? Kalamu zikitofautiana, hutajua kama ni kiwanda kilichofanya hivyo au ni mtu. Zikiwa zote za aina moja, kilichobaki ni mtu tu. Nikaanza kuzitafuta. Niliuliza minadani, nikaenda kwa wajane, nikawafuata wastaafu mpaka mashambani. Nina Jani ya daktari wa mifugo aliyeandikia juu ya boneti ya gari. Nina ya mwalimu mkuu aliyekandamiza kama anayepigilia msumari. Nina ya mhasibu aliyeandika kwa woga, imelika kidogo sana, kama imeramba tu karatasi. Naziweka ndani ya mzinga wa nyuki mtupu, chini ya kitanda, kwa sababu hakuna mwizi anayetia mkono ndani ya mzinga.

Mke wangu Kerubo hakuona haya yote kama mimi.

"Onsongo," aliniambia, "una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Na kalamu?"

Nikaangalia dari.

"Hata zingekuwa tofauti ningewaonyesha watu," akasema. "Ungekuwa na nyekundu, na bluu. Mgeni akichungulia humu ataona kalamu moja, kisha ataiona tena."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipostaafu, nikahamia nyumbani kwetu nje kidogo ya Suneka. Na ningeishia hapo kama si Moraa kuja.

Moraa ni msichana wa Keroka, wa umri wenu, aliyekodi kona ya meza katika duka la fotokopi. Anaandika kwa mkono majina kwenye kadi za harusi na vyeti vya ubatizo, kwa herufi zenye mikia. Alikuja kwangu siku ya Alhamisi, mkono wake wa kushoto umechafuka wino kuanzia kidole kidogo mpaka kwenye kifundo.

"Sokoro," akasema, maana huku babu tunamwita hivyo, na bibi magokoro, hata kama si wako, "nimeambiwa wewe ndiye wa kalamu."

"Ndimi. Kaa."

"Siwezi kukaa, nitalia."

"Basi lia umekaa. Kerubo, leta chai."

Shule moja kubwa mjini Nyamira ilitaka vyeti vyote vya wanafunzi wanaomaliza viandikwe kwa mkono. Mwalimu mkuu alikuwa amependa mwandiko wa Moraa, lakini alipomwona akiandika alitikisa kichwa. Moraa anatumia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unavuta kalamu. Wa kushoto unaisukuma. Nibu inachimba karatasi, inarusha matone, na kiganja kinafuata nyuma kikipangusa wino ambao haujakauka. Mwalimu mkuu alimpa mpaka Jumatatu aje aandike cheti kimoja mbele yake, kikiwa safi. Kikichafuka, kazi inakwenda kwa mtu wa kompyuta. Na Moraa kona yake ya meza ilikuwa imeshapata mtu mwingine anayeitaka. Akiikosa kazi hii, angerudi nyumbani kuchuma chai, na herufi zake zenye mikia zingeishia hapo.

"Kwa nini usitumie mkono wa kulia?" Kerubo akamuuliza.

"Nilichapwa mpaka nikajifunza, magokoro. Naweza. Lakini mwandiko wa kulia ni wa mtu mwingine kabisa, na huyo mtu hajui kuandika."

Nilikuwa nimeshaingia chini ya kitanda. Nilitoa mzinga, nikaumimina juu ya mkeka, na kalamu zikatawanyika kijani kibichi sebuleni kote. Moraa akasahau kulia.

"Aki sokoro. Hizi zote ni moja?"

"Hakuna hata moja iliyo moja," nikamwambia. "Jaribu."

Mchana ule, vijana wangu, nisingeubadilisha na kitu. Yeye anaandika nane, mimi namtajia mwenye kalamu, Kerubo anapita akikanusha.

"Hii inachimba."

"Hiyo ni ya mwalimu mkuu mwingine, wa zamani."

"Hii inateleza lakini inaruka ruka."

"Daktari wa mifugo. Ng'ombe walikuwa wanatikisa gari."

"Mwongo," akasema Kerubo, akiwa jikoni.

Tulizijaribu zote, na kila moja ilimkataa. Nikakaa kwenye mkeka nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maisha yangu yote. Kizazi chetu chote kilichapwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na mzinga mzima wa watu, na ndani yake hamkuwa na shoto hata mmoja.

Kisha nikamkumbuka Ombati.

Ombati alikuwa karani wa kupima majani ya chai kule Itumbe. Wakulima wanakuja na magunia, karani anayatundika kwenye mizani na kuandika uzito. Gunia lililotundikwa huyumba, na mtu mjanja hulisukuma kidogo kwa goti ili lizidi. Kwa hiyo Ombati alilishika gunia kwa mkono wa kulia mpaka litulie, na akaandika kwa wa kushoto. Nyumbani alikula kwa kulia, akasalimia kwa kulia, lakini kituoni, kwa miaka na miaka, mkono wa kulia ulikuwa wa mizani na wa kushoto ulikuwa wa kalamu. Kalamu yenyewe ilikuwa Jani. Niliwahi kuisafisha dukani kwa Bi Rukia, nikaona nibu iliyolika upande ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine, na tangu siku ile nikaitaka kama mtoto anavyotaka kitu cha mwenziwe. Nilimpelekea jogoo. Akamkataa. Nikampelekea redio. Akaikataa. Nikampelekea mche wa parachichi. Mche akaupokea, akaupanda, kalamu akaninyima.

Ijumaa tukaenda Itumbe, mimi na Moraa, nikiwa na Jani ya yule mhasibu mwoga mfukoni, endapo angekubali kubadilishana. Ombati alitukaribisha kwa sahani ya maparachichi ya mti ule ule.

"Onsongo," akasema kabla sijafungua mdomo, "kalamu hapana."

"Sijasema kitu."

"Hukuja kuona sura yangu. Kula parachichi yako."

Nikamweleza ya Moraa. Akamtazama Moraa, akamtazama mkono, akaondoka, akarudi na koti lake jeusi la kanisani likiwa kwenye kitambaa. Kwenye mfuko wa kifuani, jani la fedha lilikuwa linameta. Alimruhusu aijaribu. Wino ulikuwa umekaukia ndani zamani, kwa hiyo Moraa aliichovya tu nibu kwenye chupa yake, akaandika nane. Kisha akaandika nyingine. Hakuna kilichochimba, hakuna kilichoruka. Akaandika jina la Ombati kwa herufi zenye mikia, na mstari ukatoka laini, umekauka karibu nyuma ya nibu, maana nibu ile ilikuwa imezoea kutoa wino kidogo kwa mtu mwenye haraka na foleni.

Ombati akanyoosha mkono wake, akaichukua kalamu, akairudisha kwenye koti.

"Kesho ni Sabato," akasema.

"Tata," Moraa akamwambia kwa heshima, kama anayemwita baba, "niazime tu. Jumatatu jioni nakurudishia."

"Kesho ni Sabato, mtoto. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikisimama pale mbele, watu wanaangalia hapa." Akagusa kifua. "Wakiona hakuna kitu watasema Ombati ameuza kalamu. Wakisema ameuza kalamu, watasema ana shida. Kabla ya maombi ya mwisho watakuwa wananichangia."

Miaka yote ile ya jogoo na redio, sikuwahi kumuuliza mtu huyu kalamu yake anaifanyia nini.

"Ombati," nikasema polepole, "unaiandikia?"

"Nitaandika nini? Mizani siku hizi inajiandika yenyewe."

"Kwa hiyo wewe unataka jani."

"Nataka jani, na kijani yake, na hii." Akanionyesha alama za meno kwenye mwili wa kalamu. "Hii ni mimi niliuma mwaka wa mvua kubwa. Kila mtu kanisani anajua hii ni yangu."

Nikatoa Jani ya mhasibu mfukoni, nikaiweka mezani karibu na yake. Kijani na kijani, fedha na fedha. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Moraa akadhani parachichi limenikaba. Kalamu za aina moja, vijana wangu, hata matumbo yake ni ya aina moja. Nibu ya hii inaingia kwenye mwili wa ile kana kwamba ilizaliwa humo. Ombati angebaki na mwili wake, meno yake, jani lake. Moraa angechukua nibu tu, ndani ya mwili wa mhasibu. Na mhasibu ningemwekea Ombati kalamuni, aende Sabato akawaogope waumini.

Ombati aliniuliza mara tatu kama nje haitaonekana. Kisha akatazama mlango. "Jua likizama hakuna kazi nyumba hii. Hata ya kuvuta nibu. Sabato ikiingia, kilicho wazi kitabaki wazi mpaka kesho jioni."

Na mimi ningelala wapi, na yeye angekwenda kanisani na kalamu gani, isiyo na ulimi? Jua lilikuwa limeshainamia mashamba ya chai.

Nibu ya mhasibu ilitoka kwa mvuto mmoja. Ya Ombati ikagoma. Wino wa miaka ulikuwa umeigandisha kama saruji. Niliiloweka kwenye kikombe cha maji baridi, nikasubiri, nikavuta, ikagoma. Maji yakageuka bluu hafifu. Nikabadilisha maji.

"Tumia ya moto," Ombati akasema.

"Kaa mbali."

"Jua linaenda."

"Hata mimi nina macho."

Moraa alikuwa amesimama mlangoni akitutangazia jua kama mtangazaji wa mpira. Limegusa miti. Limeingia nusu. Vidole vyangu havina nguvu za zamani, na ukikosa nguvu unashawishika kuzungusha. Nilikuwa nimeshaanza kuzungusha, nikasikia ulimi unalia kidogo, nikauacha kama niliyeshika kaa la moto. Nikamwomba Ombati kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikaifunga nibu kwa mpira ule, nikamwambia ashike mwili wa kalamu kwa mkono wake wa kulia, ule wa mizani, asiutikise hata akipiga chafya.

"Mkono huu," akasema, "haujawahi kutikisika."

Na kweli haukutikisika. Nikavuta moja kwa moja, taratibu, nikivuta pumzi pamoja nayo. Ikatoka na sauti ndogo ya kubusu. Nibu nzima, ulimi mzima. Nikaingiza hii huku na ile kule, Ombati akaifunika kalamu yake na kuirudisha kwenye koti, na Moraa akasema, "Limeenda."

Jumatatu Ombati alikuja Nyamira bila kualikwa. Alisema nibu ni yake, ana haki ya kujua inafanya nini. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, Moraa akiwa ndani.

"Sabato ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyejua. Lakini kuna mtu aliniomba kalamu aandike namba ya simu."

"Ukafanyaje?"

"Niliichovya kwanza kwenye chupa ya wino ya karani wa kanisa. Onsongo, hiyo nibu yako inaandika kama inaomba msamaha."

Mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna sauti iliyotoka. Ombati akasema huenda wanazungumza. Nikasema cheti kimoja hakichukui muda wote huu. Akasema basi amechafua. Nikamwambia anyamaze. Akasema mimi ndiye ninyamaze. Ilikuwa hivyo mpaka mlango ukafunguka na Moraa akatoka na katoni kichwani, ameishika kwa mikono yote miwili, inamwelemea.

"Ni nini hiyo?" Ombati akauliza.

"Vyeti, tata. Vitupu."

"Vyote?"

"Vyote. Ameniuliza tu kama nitamaliza kabla ya siku ya wazazi."

Mimi umri wangu mnaujua. Goti la kushoto halikunjiki vizuri, na tulikuwa mbele ya darasa zima lililokuwa likitutazama dirishani, pamoja na mwalimu wao mwenye chaki mkononi. Nilicheza. Nilicheza pale pale kwenye changarawe, kwa mabega kama tunavyocheza huku kwetu, nikizunguka katoni na aliyeibeba, mpaka watoto wakaanza kunipigia makofi kwenye madawati.

Ombati hachezi, ni mzee wa kanisa. Lakini alinishikia kofia.